Miche ya Chumba cha Nyuma

Dalmas alikuwa akipapasa vichwa vya miche ya nyanya kwa kiganja, kwenda na kurudi, aliposikia hatua kwenye ngazi. Akaganda, mkono ukiwa hewani.

Hatua zikapita. Alikuwa jirani wa juu tu, na mtungi wake wa gesi.

Akarudi kazini. Mche unaokuzwa ndani ya nyumba haujui upepo. Usipoguswaguswa kila siku unakuwa mrefu na dhaifu, na shambani unalala chini siku ya kwanza. Hayo alijifunza mle chumbani, na aliyajua vizuri kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Taa alizishusha karibu na majani ili miche isirefuke ikiutafuta mwanga. Maji aliyamimina kwenye beseni chini ya trei, mizizi iyafuate yenyewe. Hata udongo aliupika kwanza kwa sufuria kama githeri, usije na ugonjwa wa kuozesha mashina. Wakulima wa Kalimoni waligombania miche ya Emmah, na hakuna aliyejua ni kazi ya Dalmas.

Hakuna aliyejua kama Dalmas yupo. Mlango ulifungwa nje kwa kufuli, na ufunguo alikaa nao Emmah.

Mambo yalianza jioni moja ya mvua, kwenye kona ya Kimbo. Yeye na Emmah walikuwa kwenye gari dogo la kuazima, Dalmas akiendesha, wakigombana. Dalmas alikuwa ameamua kuacha kazi ya kiwanda na kurudi kwao Yala, arudi moja kwa moja, na Emmah alikuwa akilia. Pikipiki ikatokea. Kishindo, halafu mtu amelala kwenye lami.

"Hepa!" Emmah alimwambia. "Mimi nitabaki na yeye."

Akakimbia. Mtu akishikwa na woga miguu huamua kabla ya kichwa. Asubuhi Emmah alimkuta amejikunyata hapa kwake Ruiru, akafunga mlango na kusema kwa sauti ya chini, "Alikufa, Dalmas."

Mvua ndefu ilikuja ikaisha, na ile fupi ikafuata. Emmah alikuwa akirudi na habari: polisi walifika kiwandani, polisi waliuliza mpaka Yala. "Usipige simu nyumbani," alimwonya. "Line ya mamako inasikilizwa."

Kwa hiyo mamake hakujua kama mwanawe ni mzima au amekufa. Hilo lilimla Dalmas kuliko hofu ya jela yenyewe.

"Nimechoka, Em," alimwambia juzi. "Wacha nijipeleke tu."

"Na mimi je? Si mimi ndio nilikuficha? Tutashikwa wote." Akamshika uso kwa mikono miwili. "Nivumilie kidogo, babe. Watasahau."

Dalmas akarudi kwa miche yake. Kabla ya kuuzwa, miche hiyo ilitolewa kwenye balkoni izoee jua, leo kidogo, kesho zaidi. Emmah ndiye aliyeitoa. Dalmas aliichungulia kupitia upenyo wa pazia, na kusema kweli aliionea wivu.

Jumamosi hii Emmah alikuwa ameenda Thika kununua mbegu. Alipaswa kurudi kabla ya mtu wa boda kuja kuchukua miche. Siku zote boda huyo akipiga honi, Emmah alishuka mbio na trei mwenyewe, hata awe amechoka vipi. Dalmas hakuwahi kumwona. Alijua honi yake tu.

Honi ikalia. Ikalia tena. Emmah hakuwa amefika, na mvua ilianza kuangusha matone mazito kwenye mabati. Kisha hatua zikapanda ngazi polepole, moja nzito, moja nyepesi, zikasimama mlangoni.

"Emmah! Ai, kumbe amefunga."

Vumbi la udongo lilikuwa kooni mwa Dalmas tangu asubuhi. Akakohoa.

"Nani huyo?"

Hakukuwa na namna. "Ni mimi. Brathe yake."

"Brathe, na hiyo accent ya Kisumu, na Emmah ni wa huku?" Yule mtu akacheka bila ubaya. "Haya, sitauliza. Mimi ni Gachau wa boda. Kwani amekufungia ndani?"

"Anarudi sasa hivi."

"Basi wacha nimngojee hapa. Mvua imenichapa, na hizi ngazi zimenimaliza huu mguu."

Dalmas alimsikia akiketi, mgongo kwenye mlango. Angepaswa kunyamaza. Lakini mara ya mwisho alisikia lini sauti ya mtu mwingine asiye Emmah? Akaketi naye sakafuni, mgongo kwa mgongo, mbao katikati.

"Miche yenu iko juu, buda, hakuna mingine kama hiyo," Gachau alisema. "Huko Kalimoni nawaambianga huyu dada mikono yake imebarikiwa."

"Asante," Dalmas akasema, na machozi yalikuwa karibu kumtoka. Akatafuta neno lolote la kuizuia ile sauti isikatike. "Na huo mguu, ulifanya nini?"

"Niligongwa na gari. Hapo kona ya Kimbo, mvua kama hii hii."

Dalmas akaugeukia mlango. Gachau akaendelea bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuisimulia habari hiyo mara nyingi.

"Dereva alihepa. Lakini Emmah alikuwa kwa hiyo gari, na ndiye alinishikilia mpaka hosi, mpaka kwa daktari. Hajawahi kukuambia? Siku ile nilipata fahamu nilimwambia, huyo jamaa ukimpata, mwambie mimi sina maneno na yeye, aende tu kwao."