Wimbo wa Hatibu

Kibarazani, mashabiki wa Radi walikuwa wakiichambua Mwamba, timu waliyofukuzana nayo kileleni msimu mzima.

"Mabeki wao wazito kama makabati," alisema Kitwana. "Ila kipa wao, aisee, hapitiki."

"Kipa hodari, mashabiki mabubu," Hatibu alicheka. "Jumapili nawashushia wimbo mpya. Watatafuta mlango wa kutokea."

Aliyewahi kuusikia ni mmoja tu: Nyange, shemeji yake, aliyeketi ubavuni pake.

Redio ya pale kibarazani ikahamia mazoezini kwa Mwamba. Mashabiki wao walikuwa wakiimba. Hatibu akatua kikombe. Ulikuwa wimbo wake, neno kwa neno, ila jina la Radi limeng'olewa na la Mwamba limepachikwa.

"Duh! Jamaa wametunga," Kitwana alisema. "Hatibu, hapa umezidiwa, ndugu yangu."

Hatibu alimgeukia Nyange. Macho ya Nyange yalikuwa barabarani, lakini midomo yake ilikuwa ikiutamka ubeti wa tatu, ambao redio ilikuwa haijaufikia.

"Shemeji," Hatibu aliita taratibu.

Midomo ikafumbika. Wimbo ukaendelea, na kibarazani, mmoja baada ya mwingine, wenzake wakaanza kuupigia makofi.