Daftari Lililovalishwa Gazeti

Evarist alifuta sentensi ya nne kabla chai yake haijapoa. Zile tatu za kwanza alizifuta kwa mazoea tu, lakini hii ya nne ilimuuma.

Ilisema hivi: "Usizime kompyuta kabla hujaona alama ya kijani. Hiyo alama ni komeo la zizi. Usipoliweka, asubuhi utahesabu ng'ombe ambao hawapo."

"Komeo la zizi!" alisema peke yake dukani kwake Katesh, katikati ya mashine mbili za fotokopi. "Huu ni mwongozo au soga za wachunga ndama?"

Akaandika upya: "Mtumiaji ahakikishe kwamba zoezi la uhifadhi wa taarifa limekamilika kabla ya kusitisha matumizi ya kifaa." Akaisoma mara mbili, akajiona mtu.

Programu yenyewe iliitwa Zizi, na maafisa mifugo wa Mbulu na Hanang waliitumia kuandika chanjo za ng'ombe. Haikuwa ya kampuni yoyote. Kila mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuwarudishia wenzake. Kazi ya Evarist ilikuwa kupitia marekebisho ya mwongozo: anakubali, anakataa, au anaandika upya. Ujira wake ulikuwa jina lake kwenye ukurasa wa kwanza: Mhariri Mkuu, Evarist Bura. Lilikuwa limekaa pale miaka sita. Mama yake kule Tumati alikuwa ameubandika ukurasa huo ukutani, jirani na picha ya Bikira Maria.

Sasa akatokea huyu Kissa, afisa mifugo, binti wa Mbeya aliyepangiwa kazi Gitting. Mwezi mmoja tu, marekebisho thelathini na moja! Na kila akileta, kundi zima kwenye simu linashangilia. "Sasa tunaelewa!" "Dada, ubarikiwe." Miaka sita hakuna aliyewahi kumbariki Evarist. Na Ijumaa kundi lilikuwa linachagua mhariri mkuu.

Tusimsitiri: alikuwa na wivu. Mtu mzima, mzee wa kanisa, alikuwa akirudia kusoma sifa za mwenzake ili zimchome vizuri.

Mkewe, Marieta, alileta maandazi akachungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbona hii uliyofuta naielewa?"

"Ndiyo ubaya wake. Mtu yeyote anaielewa."

"Haya, msomi wetu. Kabla ya hiyo diploma ya Arusha, si ulikuwa unazunguka vijijini na pikipiki kufundisha, watu wanacheka na wanaelewa?"

"Wakati huo nilikuwa sijasoma, Marieta. Weka maandazi."

Alhamisi Kissa aliandika kwenye kundi, kwa adabu zake zote: "Shikamoo kaka Evarist. Sentensi zangu zote zimeandikwa upya na maafisa wenzangu wananirudia wanauliza maana. Naomba unionyeshe kosa langu."

Evarist hakuitikia hata hiyo shikamoo. "Taja chanzo," alijibu. Ndiyo ilikuwa desturi ya kundi: rekebisho likigombaniwa, aliyelileta aonyeshe alikolitoa.

Kissa hakuficha. Sentensi hazikuwa zake. Alizikuta kwenye droo ya ofisi, ndani ya daftari la mzee Nicodemo aliyestaafu kabla yake. Mzee alikuwa mtu wa kuandika kila neno, na daftari zima lilikuwa maneno ya mkufunzi fulani wa semina ya zamani.

Evarist aliruka kwenye kiti. Kumbe binti ananakili! Alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema hilo kwa maneno makubwa, ujumbe wa mama Genoveva ukaingia. Huyu alikuwa mratibu wa kundi, anakaa Mbulu mjini, na hakuna aliyembishia.

"Basi tumtafute mkufunzi huyo," aliandika. "Jina lake liwekwe ukurasa wa kwanza. Huyo ndiye mhariri tuliyekuwa tunamhitaji miaka yote."

"Kweli mama!" "Huyo ndiye!" "Atafutwe!" Kundi likachemka.

Loo! Wivu ukamwacha Kissa hapo hapo ukahamia kwa mtu ambaye Evarist hakumjua hata sura. Akaandika kwa haraka: "Natoa hoja. Aliyetunga sentensi hizi hajui lugha wala kazi. Jina lake lisiandikwe kwenye mwongozo huu, sasa wala baadaye, na asishike kalamu ya uhariri. Hoja hii isipopita, mimi nawaachia mwongozo wenu leo hii."

Kwa utaratibu wao, hoja ya mhariri mkuu ilipita isipopingwa hadi saa sita mchana, na hakuna aliyetaka kumkosa mtu wa kupitia mafaili kila siku bila malipo.

"Evarist, una uhakika?" mama Genoveva aliuliza. "Hata kumjua hatumjui."

"Nina uhakika, mama. Awe nani, awe nani."

Saa sita ikafika. "Imepita," mama Genoveva aliandika. "Kwa masikitiko."

Evarist akavuta andazi, akalimaliza kwa raha. Simu ikalia tena. Alikuwa Kissa: "Sawa, nimekubali. Ila daftari lilikuwa limevalishwa gazeti kama la shule, na ndiyo kwanza nimelivua. Kumbe jina liko kwenye jalada. Natuma picha, angalau tumjue tuliyemkataa."

Mtandao wa Katesh ulikuwa mzito siku hiyo. Picha ilifunguka taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa mzee Nicodemo wa herufi kubwa kubwa:

Semina ya Zizi, Gitting, 2012.

Maneno ya mkufunzi wetu mpendwa,

Ndugu Evarist Bura.