Ukanda wa Ukutani

Mkuu wa shule aliandika sifuri kubwa kwenye kazi ya Chiriku, mbele ya darasa zima.

"Somo ni kutenganisha rangi za jani. Tazama ule ukanda wa karatasi ukutani: kijani kizito, njano nzito. Wewe umeniletea ukungu! Mtihani wa mwisho usahau."

Chiriku, ambaye mdomo wake haufungiki, alificha mikono nyuma. Vidole vyake vilikuwa bado na kijani cha majani aliyoyaponda kwa jiwe, maana kinu cha maabara kilivunjika zamani.

Mimi, mwalimu wao wa sayansi, niliinuka. Ukanda ule ndio anaowaonyesha wakaguzi kila mwaka, na mimi nimeufundishia miaka mitatu bila kuuliza.

Niliushusha, nikaung'oa kwenye fremu.

"Mwalimu, unafanya nini?" Mkuu aliuliza.

"Nafundisha, mzee."

Niliusimamisha kwenye gilasi yenye spiriti aliyoitumia Chiriku, ncha ya chini tu ikalowa. Wanafunzi wakasogea. Spiriti ilipanda taratibu kwenye karatasi, ikaufikia mstari wa kijani, ikauburuta juu. Kijani kikaanza kuachana: njano ikatangulia, na nyuma yake ikajitokeza rangi nyingine, kali kama sare mpya.

"Toa hicho kitu!" Mkuu alinyoosha mkono kwenye gilasi. Niliudaka mkono huo, nikaushikilia.

"Chiriku, unaona nini?"

Alijifuta vidole kwenye sketi, akainama.

"Bluu," alisema, na mdomo wake ukafunguka kama kawaida. "Mwalimu, jani halina bluu. Huu ni wino wa kalamu! Nani aliuchora?"