Jibu la Kwanza

Katika nchi aliyotuhamishia binti yetu Mwanahawa, bima ya wazazi wageni hutuuliza hali kila asubuhi kupitia kisanduku cha ukutani. Jibu la kwanza ndilo linaloshika: ukisema u mzima, hulipiwi daktari mpaka kesho.

Leo mke wangu aliamka ameshika kifua, jasho likimtoka.

“Mama, sema unaumwa. Usianze na adabu zako!” Mwanahawa alimsihi.

“Nimesikia.”

Kisanduku kikaita kwa sauti ya kijana mpole. “Shikamoo, bibi. Hujambo?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Sijambo,” akajibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

“Tumefurahi. Tutaonana kesho.”

Mwanahawa akakipigapiga kisanduku, akilia. Nilimshika mke wangu mkono, nikamuuliza anajisikiaje.

“Afadhali kidogo, baba Mwanahawa,” alisema. Mkono wake ulikuwa baridi.