Ulimi wa Mvukuto

Kwaru, kwaru, kisha kimya. Alfajiri ilikuwa bado. Bibi Mwantum alijiinua kitandani akasikiliza. Sauti ilitoka kwenye kibanda cha uhunzi, nyuma ya ukuta wa chumba chake.

"Dadi," alimwita mwanawe. "Panya yule amerudi."

Dadi alitoka mbio na kijinga cha moto. Kibandani alimkuta askari Shaban, aliyewekwa alale humo kulinda kazi. Alikwisha kuamka na kukunja mkeka.

"Umechelewa, fundi. Nimemrushia ukuni, kakimbia."

Dadi alifungua ubao wa mvukuto, akatia mkono ndani. Ulimi ulikuwa umeharibiwa tena. Pengo la ukubwa wa ukucha, pembeni, kama jana na juzi. Alikaa kwenye jivu akashika kichwa. Ilikuwa Alhamisi.

Huo ndio mwaka ambao watu wa milimani, kusini ya Rufiji, walianza kung'oa pamba ya Wajerumani. Wanaume tisa wa Mbwara nao waling'oa, wakakamatwa, wakafungiwa hapahapa Kibiti katika ghala la akida. Walikuwa wapelekwe bomani kunyongwa. Lakini mnyororo wa shingo ulikuwa umekatika pete tatu, na hakuna askari aliyethubutu kupita porini na watu tisa wasiofungwa. Jumatatu Dadi alipewa amri: mnyororo uwe tayari Ijumaa adhuhuri, la sivyo kitanzi cha kumi ni chake.

Kuunga pete kunataka chuma kiwe cheupe kwa moto. Chekundu hakiungi. Na moto wa Dadi, tangu Jumanne, haukuvuka wekundu.

Jumatatu hiyo Shaban alikuwa amechuchumaa kando ya mvukuto akiuliza hili na lile. Dadi hakuwahi kuulizwa habari za kazi yake na mtu mwenye bunduki. Akamweleza.

"Hiki kipande cha ngozi ya mbuzi ndicho ulimi. Kinaziba tundu kwa ndani. Nikiinua mvukuto, ulimi unafunguka, hewa inaingia. Nikishindilia, ulimi unajibana, hewa inakosa pa kurudi, inakwenda motoni."

"Na ukiwa na pengo kidogo?"

"Hata la ukucha, hewa inarudi ilikotoka. Utashindilia mpaka mwaka kesho. Ndiyo maana kila jioni naufuta jivu, naupaka mafuta ya ufuta usikauke."

Shaban alicheka. "Basi unawapikia panya."

Ikawa kama amewaita. Ulimi mpya si wa kukata na kutia tu. Ngozi huloweshwa, hupakwa mafuta, hukandamizwa chini ya jiwe kutwa nzima ili ikae bapa. Ukiiharakisha, inajikunja. Kila jioni Dadi alitia ulimi mpya, na kila alfajiri akaukuta una pengo. Alitega mtego wenye dagaa, dagaa wakabaki. Aliazima paka wa jirani yake Zena, paka akalala juu ya makaa.

"Mvukuto wako una kikohozi kuliko wafungwa wangu," Shaban alimwambia.

Dadi aliuma meno. Alipiga teke jiwe, akaumia kidole, akalichukia na jiwe.

Bibi Mwantum hakumchukia askari yule. Wenzake walikuwa wakimwaga uji aliowapelekea wafungwa. Yeye alimshikia mlango wa ghala mpaka wote tisa wanywe. Asubuhi alimpokea mtungi wa maji njiani, akaubeba begani.

Alhamisi hiyo, baada ya uji, Dadi alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, kisu chako cha kuchania miyaa ya mikeka kiko wapi?"

"Kipo pale. Wakitakia nini?"

"Pengo lile limenyooka. Si meno. Na wewe ukitoka ghalani unarudi unalia."

Bibi Mwantum aliweka mwiko chini.

"Nalia, ndiyo. Lakini wale ni watoto wa wenzangu. Wewe ni wangu. Ningeukata ulimi ule, shingo ya nani ingejaza kitanzi?" Aliona aibu kwa alilolisema, akauokota mwiko. "Toka, niache nipike."

Ijumaa alfajiri hakukuwa na kwaru. Ulimi ulikuwa mzima. Dadi alishindilia, moto ukanguruma, pete ya kwanza ikawa nyeupe kama mwezi. Aliinua nyundo, kelele zikaanza ghalani.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu, limechokonolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ndani hamkuwa na mtu.

Akida alikuja kibandani na kamba mkononi. Shaban akasimama mlangoni.

"Nimelala hapa siku nne," alisema. "Ni panya, nimewaona kwa macho yangu. Fundi huyu hakulala wala hakula. Ukimfunga yeye, kesho nani atakufulia minyororo?"

Akida alitema mate, akaondoka na kamba yake.

Kabla jua halijapanda, tarishi alifika: vita vimewaka, askari wote wavuke mto leo hii. Shaban alimrudishia Bibi Mwantum mkeka wake, umekunjwa vizuri, akamshukuru kwa uji.

"Aende akafie huko," Dadi alisema Shaban alipowapa kisogo. "Siku nne ananicheka."

Bibi Mwantum aliukunjua mkeka uani ili aukung'ute. Vipande vitatu vya ngozi vilianguka mchangani, kila kimoja kama ukucha, vinanukia ufuta.

Alitoka mpaka barabarani, khanga ikimponyoka begani.

"Shaban, mwanangu," aliita. "Mungu akikurudisha njia hii, usitupite. Uje kwetu tena."