Ushanga na Mfuko Mwekundu

Zahanatini, mkunga Bi Siwatu alitoa mkobani mfano wa mfuko wa uzazi alioushona mwenyewe kwa kitambaa chekundu, wenye mirija miwili na vifungo viwili vya shati mahali pa ovari. Mwanahija, aliyeondolewa mrija mmoja mwezi uliopita, aliinamisha kichwa.

"Mama mkwe anasema nimebaki nusu mwanamke."

"Nusu ipi, mwanangu? Kushoto au kulia?" Bi Siwatu akakata mrija wa kushoto kwa mkasi, akampa ushanga. "Hili ndilo yai. Lipitishe kwenye mrija uliobaki."

Mwanahija aliusukuma kwa kidole gumba, polepole, mpaka ukazama mfukoni.

"Umefika!" Mwanahija akacheka hata wagonjwa barazani wakageuka.

Akaupindua mfuko, akautikisa kwa nguvu aone kama yai litashika. Ushanga haukutoka.