Tao la Babu Anselmo

"Leo ufunge bakuli," Zulmira, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia Belmiro. "Ukoo wenu mkianza kumsifu yule mzee hamna breki."

Belmiro alikubali shingo upande. Daktari Leonor, mtaalamu wa majengo ya kale, alikuwa ametoka Lisboa kulikagua daraja la kijiji. Akiandika kuwa ni la Warumi, litahifadhiwa. Akikataa, litabomolewa ili malori ya kokoto yapate njia pana. Haikuwa siku ya kumwambia mgeni kwamba tao la katikati, kati ya yale matatu, lilijengwa upya na babu yake Belmiro.

Lakini kunyamaza kulimchoma. Baada ya mafuriko makubwa, babu Anselmo alilichungulia tao akatangaza kuwa limekwisha. Akalizungushia mbao kiangazi kizima, marufuku mtu kusogea. Kijiji kikamlisha nyama na kumnywesha mvinyo. Mbao zilipotolewa watu walibubujikwa machozi: lilikuwa jipya, na huwezi kulitofautisha na la zamani. Tangu hapo, kila sikukuu ya Mtakatifu Blasi, ni ukoo wa Anselmo tu unaobeba sanamu kuvuka mto. Wengine hufuata nyuma. Belmiro alikuwa ameibeba miaka arobaini, kifua mbele.

Daktari alipima tao la kwanza, akaguna. Akapima la tatu, akaguna tena. Kisha akavua viatu, akaingia majini chini ya lile la katikati na kukaa huko muda mrefu, akigonga na kupapasa.

Uzalendo ukamshinda Belmiro.

"Daktari, nisamehe, hilo ni la babu yangu. Haya mengine mawili ndiyo ya Warumi. Nakuomba, usituvunjie daraja kwa ajili yake."

"Babu yako alikuwa fundi mwashi?"

"Hakuna aliyemfikia. Mpaka leo hatujui alifanyaje."

Daktari alitoka majini, akaketi kwenye nyasi na kujipangusa miguu taratibu.

"Daraja haliguswi, mzee wangu, ondoa wasiwasi," alisema. "Haya mawili ya pembeni yana miaka mia mbili tu, kazi ya kawaida. Lililowaokoa ni hili la katikati. Ni la Warumi, na tangu walipoondoka, hakuna jiwe hata moja lililosogezwa."